Sufuria ya Jirani

Kama umeketi na kikombe cha chai mkononi, tafadhali kimalize kwanza. Nitakungoja. Leo nina habari ambayo haiendi vizuri na chai.

Haya. Leo tunazungumza juu ya choo. Kujenga vyoo tumeshahubiriwa vya kutosha. Mimi nataka tufuate kile kinachoondoka ukishafunga mlango wa choo na kwenda zako.

Siku ya soko iliyopita nilikuwa nimesimama kando ya barabara hapa Siakago. Jua lilikuwa limekaza, jua letu la Mbeere mnalijua. Pikipiki za muguka zilikuwa zinakimbizana kuelekea lami, punda wawili wamesimama na mitungi yao ya maji, kila mtu na shughuli zake. Mara likapita lori la kunyonya vyoo, lile tunaloliita eksosta. Lilipita polepole, maana njia ilikuwa imejaa watu. Pua zote zikashikwa. Mama mmoja aliyekuwa amepanga mafungu ya maembe juu ya gunia akayafunika kwa leso yake upesi, kana kwamba harufu ni vumbi na itayatulia juu. Lori likapita, pua zikaachiliwa, leso ikaondolewa, bei zikaendelea kutajwa.

Katika umati wote ule sikusikia mtu hata mmoja akiuliza: lori hili linakwenda kumwaga wapi? Nami sikuuliza. Nilishika pua kama wenzangu. Swali lilinijia usiku, nimeshalala, na tangu hapo limekataa kuondoka. Ndiyo maana nimewaletea.

Tuanze na ramani, ile ambayo kila mtoto wa Mbeere anaijua kwa miguu. Maji yetu yanatoka juu, Mlima Kenya. Mto Rupingazi unateremka, unapita ubavuni mwa mji wa Embu, unaungana na Thiba, na Thiba inaingia bwawa la Kamburu, lile lililoanza kutoa umeme mwaka 1974. Kutoka hapo maji yanapokezanwa: Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Upande wetu huku kuna Ena, na mpakani na ndugu zetu wa Tharaka Nithi kuna Thuci, nayo yote safari yake inaishia Tana. Na Tana haitulii. Inapita Garissa, ambako mji mzima unachota humo maji ya kunywa. Inapita Hola, inapita Garsen, hadi inamwaga baharini Kipini.

Basi sisi tuko katikati. Aliye Embu mjini yuko juu yetu, na aliye Garissa yuko chini yetu. Sisi ni jirani wa bondeni kwa mmoja na jirani wa mlimani kwa mwingine. Ukiwa mahali kama hapo, huwezi kumlaumu wa juu asubuhi halafu jioni ukamfanyia wa chini lilelile.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ukiazima sufuria ya jirani, unairudisha ikiwa imesuguliwa. Hata kama ulipewa na masizi yake, wewe unairudisha inang'aa. Mtoto aliyetumwa kurudisha sufuria yenye makoko ya ugali alirudishwa nayo mlangoni, na mama yake akajua ameaibishwa. Maji ya mto ni sufuria hiyo. Mji unayaazima asubuhi: unapika nayo, unafulia, unaogea, unasukumia choo. Jioni lazima uyarudishe, kwa sababu jirani wa chini naye anangoja zamu yake. Swali ni moja tu: unayarudisha yamesuguliwa, au yana makoko?

Mahali mji unaposugulia sufuria kabla ya kuirudisha ndipo panapoitwa mtambo wa kusafisha majitaka.

Msione kwamba aibu hii ni ya Waafrika peke yao. London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1858 ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa bungeni. Mto Thames ulikuwa umegeuka mfereji wa vyoo. Mapazia ya bunge yalichovywa dawa ya chokaa ili kuzuia uvundo. Hapo ndipo pesa zilipopatikana haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akachimba mabomba makubwa chini ya mji mzima. Kazi kubwa, na inasifiwa hadi leo. Lakini sikilizeni kilichotendeka mwanzoni: mabomba yale yalibeba uchafu hadi mashariki ya mji na kuumwaga palepale mtoni, huko mbele. Mwaka 1878 meli ya abiria, Princess Alice, ilizama sehemu hiyohiyo ya mto. Watu zaidi ya 600 walikufa, na walioponea walisimulia walivyoanguka katika majitaka. Baada ya hapo ndipo London ilipoanza kutenga tope na kulipeleka mbali kwa meli, na usafishaji wa kweli ukaja hatua kwa hatua. Mabomba yalikuwa yameondoa uchafu mlangoni pa bwana mkubwa na kuuweka mlangoni pa jirani.

Mtu anaweza kunipigia simu sasa hivi aniambie, "Mzee, hayo ni ya miji mikubwa kama London na Nairobi. Siakago ina watu wangapi?" Swali zuri, nitalijibu. Kwanza njooni niwaonyeshe mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana wengi wetu tunadhani ni mashine kubwa ya kutisha.

Mtambo mkubwa zaidi nchini wa aina ninayoizungumzia uko Ruai, yapata kilomita 30 mashariki mwa Nairobi. Unaitwa mtambo wa Dandora, ingawa uko Ruai, na umekuwa ukifanya kazi tangu karibu mwaka 1980. Baada ya kupanuliwa ulisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 za majitaka kwa siku. Ukisikia hivyo unatarajia minara na moshi. Ukifika, unaona mabwawa. Mabwawa juu ya mabwawa, mapana kama mashamba, yamepangwa kwa ngazi ili maji yateremke yenyewe. Bata wa mwituni wamejaa, wapenzi wa ndege hufunga safari kwenda kuwatazama, na hata viboko wamehamia humo.

Mlangoni mwa mtambo wowote wa namna hii kuna chujio la vyuma, kama wavu wa dirisha la zamani, na mtu mwenye reki ndefu. Siku niliyosimama karibu na chujio kama hilo, katika mji ambao sitautaja, nilitazama reki ikipanda na kushuka kwa nusu saa. Ilitoa soksi moja. Ikatoa gunia la mchele. Ikatoa nepi za mtoto, pedi, kijiko, matambara, na mdoli asiye na kichwa. Yule mhudumu alikuwa anavirundika pembeni bila kushangaa. Akaniambia kwa upole, "Hapa ndipo ninapojua watu wa mji huu wanavyoishi." Sijasahau maneno hayo. Kila unachokisukumia chooni kwa siri, kuna mtu anakitoa mbele ya watu.

Baada ya chujio, maji hupunguziwa mwendo ili mchanga utue. Kisha yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, mita 2 hadi 5. Humo hakuna hewa. Uchafu mzito unazama chini na kuliwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, na gesi inapanda juu kwa mapovu. Bwawa la pili ni pana na kina chake ni cha mita 1 hadi 2. Rangi yake ni kijani kibichi kama mchicha uliosagwa, na rangi hiyo ndiyo siri yenyewe. Ni mwani. Mwani unakula mwanga wa jua na kutoa oksijeni; vijidudu vinapokea oksijeni hiyo na kula uchafu; vikila vinatoa hewa chafu na chakula ambacho mwani unakihitaji. Mmoja anapika, mwingine anaosha vyombo. Hakuna stima na hakuna injini, na hakuna anayepokea mshahara. Bwawa la tatu na la nne ni ya kina kifupi ili jua lipenye hadi chini. Huko jua linaua vijidudu vya magonjwa, na mayai ya minyoo yaliyobaki yanazama. Kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, maji hukaa wiki kadhaa, yakitembea mwendo wa kinyonga.

Yule mhudumu alichota maji katika chupa tatu akaziweka juu ya ukuta. Ya kwanza, ya mlangoni, ilikuwa kijivucheusi kama maji yaliyooshea sufuria ya maharagwe. Ya pili ilikuwa kijani. Ya tatu, ya mlango wa kutokea, ilikuwa na ukijani mwepesi, na niliona vidole vyangu upande wa pili wa chupa. Hayo si maji ya kunywa, msije mkanielewa vibaya. Ni maji ambayo mto unaweza kuyapokea bila kuugua.

Kwa nini mto uugue? Kwa sababu mto nao unapumua. Lita moja ya maji ya mto mzima ina oksijeni ya miligramu 8 au 9 hivi. Samaki wanaishi kwa hiyo. Ukimwaga uchafu, vijidudu vinavyoula vinaivuta oksijeni hiyohiyo. Wataalamu hupima kwa kuyaweka maji gizani siku 5 katika joto la nyuzi 20, kisha wanaangalia oksijeni iliyotumika. Kanuni zetu za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilisema maji yanayorudishwa mtoni yasidai zaidi ya miligramu 30 kwa lita. Majitaka mabichi hudai mamia. Fanya hesabu mwenyewe: mdai anataka mamia, mto una 8 mfukoni. Deni hilo analilipa samaki kwa roho yake, na baada ya samaki, mtoto aliyetumwa mtoni na mtungi.

Tena sisi watu wa joto tuna jambo jingine la kukumbuka. Maji ya baridi yanashika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Ndiyo maana huko juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, kuna samaki aina ya trauti, ambao hapa chini wangeishi kwa taabu. Mto ukifika Mbeere umeshapata joto, na akiba yake ya hewa imepungua. Uchafu uleule ambao mto wa juu ungeuvumilia, mto wa huku unakabwa nao. Na maji yakifika bwawani na kutuama, mbolea iliyomo kwenye majitaka inalisha magugu na mwani kupita kiasi.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu anayesema Siakago ni ndogo.

Ni kweli, ni ndogo, na hiyo ndiyo bahati yetu. Lakini tazama tulivyo navyo. Mji huu ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Mbeere, una mahakama, una hospitali, una shule za bweni, na kila mwaka nyumba za kupangisha zinaongezeka. Shule ya bweni peke yake ni mji. Wanafunzi mia kadhaa wanaoga asubuhi moja. Wengi wetu tunatumia choo cha shimo au tangi la chini ya ardhi. Hatuko peke yetu: katika sensa ya mwaka 2019, kati ya kila nyumba 10 nchini Kenya, ile iliyounganishwa na bomba kuu la majitaka ilikuwa 1 tu au pungufu. Shimo la choo likikaa vizuri, mbali na kisima, si dhambi. Lakini shimo hujaa, tangi hujaa, na ndipo lori linapoitwa. Kwa hiyo mji kama wetu unahitaji kwanza mahali halali pa lori kumwaga. Mabomba yatakuja baadaye. Pasipo mahali hapo, dereva atapatafuta mwenyewe usiku. Korongo kavu halisemi kitu. Litasema mvua ya Oktoba ikianza, litakapoamka na kubeba kila kitu hadi kwenye mchanga tunakochimba maji.

Huko Embu mjini kampuni ya EWASCO ndiyo yenye jukumu la maji na majitaka. Naivasha wamekwenda mbele kidogo: kampuni ya Sanivation, ikishirikiana na watu wa maji wa mji ule, imekuwa ikikausha tope la vyoo, kulipasha moto kuua vijidudu, na kulitengeneza kuwa kuni za kuuzia viwanda. Fikirieni jambo hilo katika nchi kama yetu ya Mbeere, ambako mti unakatwa kila siku kwa ajili ya makaa.

Na sisi tuna mtaji ambao Nairobi wangeununua kama ungeuzwa. Jua! Jua hili tunalolilaani linapokausha pojo na kunyausha mahindi, kwenye bwawa la majitaka ndilo fundi mkuu. Joto huharakisha vijidudu, mwanga huulisha mwani na kuua magonjwa. Nchi za baridi hulipia stima mchana na usiku kupuliza hewa ndani ya majitaka, mbinu iliyovumbuliwa Manchester mwaka 1914. Sisi tumepewa bure, na bado tunalalamika kwamba tumenyimwa.

Kitu kimoja tu mabwawa haya yanadai, nacho ni ardhi. Tena ardhi ya kutosha, iliyo chini kidogo ya mji ili maji yateremke yenyewe, mbali na nyumba ili harufu isiwe ugomvi, na isiyo kwenye njia ya mafuriko. Leo Siakago ardhi ya namna hiyo bado inaweza kutafutwa. Lakini mnaona vigingi vinavyopigwa. Shamba la babu linakatwa vipande, kila kipande na hatimiliki yake, kila hatimiliki na nyumba yake. Miaka 15 ijayo atakayetafuta ekari za kuchimba mabwawa atapelekwa kwa mawakili.

Hata kuitenga peke yake hakutoshi; ni lazima ilindwe. Mei 2020 tulitazama kwenye runinga nyumba za maelfu ya watu zikibomolewa Kariobangi, Nairobi, kwenye ardhi ambayo kampuni ya maji ya jiji ilisema ni ya mtambo wake wa majitaka. Ilikuwa msimu wa mvua, na korona ndiyo kwanza imeingia. Mwezi huohuo tingatinga zikahamia Ruai. Sitaki kuamua kesi ya mtu hapa redioni. Nasema tu kwamba ardhi isiyowekewa uzio mapema huja kuwekewa machozi baadaye, na anayelia ni yule aliyejenga kwa akiba yake ya mwisho.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 43 kinataja usafi wa kiwango kinachofaa, na maji safi na salama ya kutosha. Na katika mgawanyo wa kazi, huduma za maji na usafi ziko mikononi mwa kaunti. Anayerudisha majitaka mtoni anahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Tunachokosa ni watu wa kuuliza, maana majitaka hayana mpiga debe. Barabara ikifunguliwa kuna utepe na picha. Nani amewahi kuona mgombea akipiga picha ya kampeni kando ya bwawa la vinyesi?

Na tusiwaachie viongozi kazi yote. Mwenye nyumba ya kupangisha, jenga tangi lililozibwa vizuri, na uache njia ya lori kulifikia. Mwenye hoteli, mafuta ya kukaangia yakipoa yanaganda ndani ya bomba. Yaweke chomboni, usiyamwage. Fundi wa gari, oili chafu inaua vijidudu vinavyotufanyia kazi. Nasi sote, nepi na pedi si za choo. Mkumbukeni yule mtu wa reki.

Wakulima wataniuliza kama maji yaliyosafishwa yanaweza kunyweshea shamba. Yanaweza, na katika nchi kavu hiyo ni faida kubwa, lakini yakishapimwa. Kipimo kimoja kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba mayai ya minyoo yasizidi moja kwa lita. Anza na miti na majani ya ng'ombe. Sukuma wiki ya kuuza sokoni, ngoja kwanza mtaalamu akuambie.

Wakati wangu unaisha, mtayarishaji ananionyesha saa. Wasikilizaji, mikutano ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti huitishwa kila mwaka. Mara nyingi tunakwenda, tunakula mkate na soda, mmoja anaomba barabara, mwingine anaomba taa ya soko, tunarudi nyumbani. Safari ijayo naomba mtu mmoja, mmoja tu, asimame na kuuliza maswali mawili. Lori la kunyonya vyoo linamwaga wapi? Na ni kipande gani cha ardhi kimetengwa kwa mabwawa ya mji huu, na uzio wake uko wapi? Kisha asikae chini mpaka ajibiwe.

Yule mama wa maembe yuko palepale sokoni, na lori litapita tena. Atayafunika maembe yake kwa leso, na ana haki. Lakini leso haifiki mtoni.

Nawaageni. Chai yenu imepoa. Ipasheni moto, mnywe.